Kusoma mikrobiolojia chuo kikuu: kuanzia kuomba kozi hadi kumaliza utafiti wa mwisho

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa yakitoka, wapo vijana wanaoikuta mikrobiolojia mbele ya majina yao ilhali udaktari ndio ulikuwa chaguo lao la kwanza. Wapo pia walioiomba kwa kuipenda. Wote hukutana kwenye benchi moja la maabara, na miaka ikiisha, anayeondoka na ujuzi mkononi si lazima awe yule aliyeingia na alama kubwa. Ni yule aliyezoeza mikono yake na kuandika alichokiona. Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu kozi hii, na hatua zote zilizo hapa chini zimesimama juu yake.

Nimeandika nikiifikiria zaidi Tanzania, hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako shahada hii iko chini ya idara ya biolojia ya molekuli na bayoteknolojia na huchukua miaka mitatu. Aliyeko Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako mikrobiolojia imeunganishwa na bayoteknolojia, au aliyeko kwingineko, atabadilisha majina ya ofisi na mitihani. Kazi ya benchi ni ileile.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Jambo la kwanza kabisa, kwa sababu limewaumiza wengi: shahada ya mikrobiolojia si shahada ya sayansi ya maabara za afya. Anayesoma maabara za afya anaandaliwa kupima wagonjwa hospitalini, na akimaliza husajiliwa na baraza la wataalamu wa maabara. Anayesoma mikrobiolojia anaandaliwa kwa upana zaidi: chakula, maji, udongo, viwanda, mifugo, utafiti wa magonjwa. Kama ndoto yako ni kuvaa koti jeupe wodini na kutoa majibu ya damu, omba ile nyingine tangu mwanzo. Usiingie huku kwa kudhani utahamia kule mbele ya safari.

Kwa aliyemaliza kidato cha sita, michepuo inayokupeleka kwenye kozi hii ni ile yenye biolojia na kemia: PCB, CBG, CBA na CBN (P ni fizikia, C kemia, B biolojia, G jiografia, A kilimo, N lishe). Kiwango cha chini cha jumla cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ni ufaulu wa masomo mawili yanayohusika yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Ushindani huamua mengine, na kila chuo huongeza masharti yake, kwa hiyo soma kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka wako, usitegemee cha kaka yako aliyeomba zamani.

Mkopo nao una maandalizi yake. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na kwa Tanzania Bara uhakiki hufanywa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Anza mapema, kwa sababu wengi hukwama hapo si kwa kukosa sifa bali kwa karatasi iliyochelewa.

Hatua ya 2: Rudia kemia na hesabu kabla hujafungua chuo

Mwaka wa kwanza haukuangushi kwa bakteria. Unakuangusha kwa baiokemia, kemia ya kaboni, takwimu na hesabu ndogondogo zinazodhaniwa kila mtu anazijua. Zile wiki za kusubiri chuo kifunguliwe zitumie kurudia moli, pH, logi, namba zilizoandikwa kwa vipeo vya kumi, na kanuni ya kuzimua: ukali wa kwanza mara ujazo wa kwanza ni sawa na ukali wa pili mara ujazo wa pili.

Jaribu mfano huu. Chupa ya unga wa agari, ile jeli ya kawaida ya kuoteshea bakteria, imeandikwa gramu 28 kwa lita moja. Unahitaji mililita 250. Utapima gramu ngapi? Ni 7. Mfano mwingine: una ethanoli ya asilimia 96 na unataka mililita 500 za asilimia 70 kwa ajili ya kufutia benchi. Chukua mililita 365 hivi, jazia maji yaliyochujwa hadi 500. Na usiishie kwenye jibu, jiulize kwa nini tunaizimua ilhali ile kali inaonekana bora. Sababu ni kwamba pombe huua bakteria kwa kuharibu protini zake, na kazi hiyo inahitaji maji. Ile ya asilimia 96 hukauka haraka na kugandisha protini za juujuu kabla haijapenya ndani. Anayeijua sababu hii hataisahau asilimia 70 hata aamshwe usiku.

Hatua ya 3: Andaa vifaa, vichache lakini vyako

Koti la maabara la pamba, mikono mirefu, lenye vifungo vinavyofunga. Viatu vinavyofunika mguu wote. Maka peni nyembamba isiyofutika kwa maji. Kikokotoo. Kaunta buku yenye jalada gumu, ambayo nitaizungumzia zaidi huko mbele. Anayevaa mtandio auchomeke ndani ya koti, na mwenye nywele ndefu azifunge nyuma, kwa maana moto wa bansen, kichomeo cha gesi cha maabara, uko wazi mbele ya kifua chako muda wote na kitambaa kinachoning'inia hushika haraka.

Hadubini usinunue, ya chuo inatosha. Kompyuta ndogo, hata ya mtumba, utaihitaji kwelikweli mwaka wa tatu, hivyo kama bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, linaruhusu weka akiba kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Praktiko ndiyo shule yenyewe

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo kozi ilipo. Kwenye kundi la watu watano kuna mmoja anayefanya na wanne wanaoandika majibu. Usiwe kati ya wale wanne. Fika mapema, soma maelekezo usiku wa kuamkia, na omba ushike wewe kitanzi, ule waya wa kuchukulia bakteria. Mkufunzi wa maabara hatakasirika ukimwomba urudie mwisho wa kipindi. Wengi wao hufurahi kuona mtu anayejali.

Kuna stadi tatu ambazo ukizimudu, zilizobaki zitakuwa nyepesi.

Ya kwanza ni kuchora bakteria kwenye sahani ya agari hadi upate koloni, yaani vidoa vya bakteria walioota pamoja, zilizojitenga. Choma waya wa kitanzi hadi uwe mwekundu wote, kisha usubiri upoe. Ugusishe pembeni mwa agari pasipo na kitu: ukisikia sauti ya kuungua, bado ni wa moto na utaua ulichotaka kukiotesha. Gusa koloni moja tu, kidogo sana. Chora mistari ya karibu karibu kwenye robo ya kwanza ya sahani. Choma tena kitanzi, kipoe, zungusha sahani, pitisha mara mbili tatu ukianzia kwenye mistari ya mwanzo kuingia robo ya pili. Rudia hivyo hadi robo ya nne. Kila unapochoma unapunguza idadi ya bakteria waliobaki, hadi mwishoni wanadondoka mmoja mmoja, na kila mmoja anajenga koloni yake.

Funika, andika, geuza sahani kichwa chini, weka kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea. Inageuzwa kwa sababu mvuke hujikusanya kwenye kifuniko, na tone likidondoka juu ya koloni litaziunganisha zote kuwa uji. Unaandika kwenye kitako wala si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana mezani na hakuna wa kukuambia kipi ni cha nani. Jina lako, kiumbe, aina ya agari, tarehe. Maandishi madogo, pembeni, ili yasizibe unachotaka kukihesabu kesho.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu kila kipimo kitakachofuata kinachukulia kwamba una aina moja ya bakteria. Ukiwa na mchanganyiko, majibu yako yote ni ya mchanganyiko, hata kama umeyaandika vizuri namna gani.

Ya pili ni rangi ya Gram. Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, aliichapisha mwaka 1884 akiwa Berlin, akichunguza mapafu ya watu waliofariki kwa nimonia, na hadi leo ndiyo kipimo cha kwanza unachofanyia bakteria usiyemjua. Tandaza bakteria kwenye tone la maji juu ya slaidi, utando uwe mwembamba kiasi kwamba ukiweka slaidi juu ya gazeti unasoma maandishi. Acha ukauke wenyewe hewani. Pitisha slaidi juu ya moto mara mbili au tatu ili washike. Mimina kristali vayoleti, rangi ya zambarau, dakika moja, suuza. Iodini, dakika moja, suuza. Kisha pombe, sekunde chache tu, hadi inayodondoka iwe haina rangi tena, na suuza papo hapo. Malizia na safranini, rangi ya waridi, kama dakika moja, suuza, kausha kwa kubonyeza karatasi bila kusugua. Anza kuangalia na lenzi ya 10, kisha 40, halafu weka tone la mafuta na utumie lenzi ya 100.

Bakteria wenye ukuta mnene wa peptidoglaikani, kitu kinachojenga ukuta wa seli zao, hubaki zambarau. Wenye ukuta mwembamba huoshwa na pombe, kisha safranini huwapa waridi. Kipimo chote kinaamuliwa na zile sekunde za pombe. Ukizidisha, hata Staphylococcus mwenye ukuta mnene atakuja waridi. Ukipunguza, hata Escherichia coli (E. coli) mwenye ukuta mwembamba atabaki zambarau. Umri wa bakteria nao una neno: tumia walioota saa 18 hadi 24, kwa sababu wakizeeka kuta zao hulegea na kukudanganya. Kinga ya haya yote ni moja, na ni rahisi: kwenye slaidi hiyohiyo weka pembeni Staphylococcus na E. coli unaowajua. Hao wawili wakitoka kila mmoja na rangi yake, basi na yule wa katikati unaweza kumwamini.

Ya tatu ni kuzimua hatua kwa hatua na kuhesabu. Chukua mtindi. Mililita moja ndani ya mililita 9 za maji safi ya chumvi, changanya vizuri, hiyo ni hatua ya kwanza. Badilisha ncha ya pipeti, chukua mililita moja ya hiyo, peleka kwenye 9 nyingine. Endelea. Tuseme kwenye hatua ya tano umepaka mililita 0.1 kwenye sahani na kesho yake zimeota koloni 84. Gawanya 84 kwa 0.1, zidisha kwa 100,000: unapata milioni 84 kwa kila mililita. Sahani za kuhesabu ni zile zenye koloni kati ya 30 na 300. Chini ya hapo bahati inatawala, juu ya hapo koloni zinabanana na kufichana. Na usisahau kubadilisha ncha: ukitumia ileile, bakteria wa hatua ya juu watakufuata hadi chini na hesabu yako itavimba.

Hiyo agari unayomimina kila wiki ina historia inayostahili kujulikana. Maabara ya Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza bakteria wa magonjwa, ilikuwa ikitumia jelatini, ambayo huyeyuka kwenye joto na baadhi ya bakteria huila. Aliyependekeza agari, mwaka 1881, ni Fanny Hesse, mke na msaidizi wa mmoja wa watafiti wa Koch, aliyekuwa akiitumia jikoni kugandishia vyakula. Kwa joto la Dar es Salaam sahani ya jelatini ingekuwa supu. Agari hutengenezwa na mwani, lakini si huu unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani. Mwani wa Zanzibar hutoa karajinani, ndugu wa agari anayetumika zaidi kwenye vyakula na vipodozi. Agari hutoka kwa Gelidium na Gracilaria. Tofauti yao ni swali zuri la kumuuliza mhadhiri wa mazao ya bahari.

Usalama hauna mjadala. Usivute pipeti kwa mdomo. Usile, usinywe, usijipake mafuta ya midomo maabara. Simu ibaki kwenye begi. Sahani iliyoota kutoka kwenye sampuli ya mtaani, usiifungue kuinusa. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kutoka, kila mara, hata kama hukugusa kitu. Kila kilichoota kipitie kwenye otokilevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 kwa uchache, ndipo kitupwe, na ukijaza mashine sana muda huo hautoshi. Usipeleke sahani hosteli kumwonyesha mtu. Mwenye ujauzito au mwenye tatizo la kinga amweleze mkufunzi mapema, kwa faragha, ili apangiwe kazi inayomfaa. Hiyo ni haki yake na wala si aibu.

Hatua ya 5: Daftari

Andika ukiwa benchini, kwa kalamu ya wino, si kwenye karatasi za pembeni za kuja kunakili baadaye. Ukikosea piga mstari mmoja ili kilichokuwepo kisomeke. Tarehe, namba ya toleo la agari iliyo kwenye kopo, joto la inkubeta, saa ya kuingiza na saa ya kutoa. Umeme ulikatika usiku na inkubeta ikazima? Andika. Ndiyo sababu koloni zako ni ndogo kuliko za kundi la jana, na usipoandika utakuja kutafuta maelezo ya kibiolojia kwa jambo ambalo ni la umeme.

Eleza unachokiona wala si unachokitarajia. "Imeota" si maelezo. Andika hivi, ukianza na aina ya agari: "MacConkey, saa 22, nyuzi 37. Koloni za aina mbili. Moja waridi iliyokolea, duara, kingo laini, milimita 2 hadi 3, agari pembeni yake nayo imegeuka waridi. Nyingine haina rangi, inapenyeza mwanga, milimita 1." Kwa maelezo hayo mtu ambaye hakuwepo anaelewa kwamba mmoja anachachusha laktosi, sukari ya maziwa, na mwingine hachachushi, na anajua wapi pa kuendelea. Chora pia, hata kama hujui kuchora. Picha ya simu ya maabara inasaidia, lakini kuchora hukulazimisha kutazama.

Hatua ya 6: Nadharia, bila kuzama kwenye madesa

Madesa, yale makaratasi ya notisi na mitihani ya zamani, yapo na yatakufikia bila kuyatafuta. Yatumie kujua mtihani unaulizwaje, basi. Shida ya kuyakariri ni kwamba mikrobiolojia ina majina mengi mno, na kichwa kilichojaa majina yasiyoshikamana na kitu hukimbiwa nayo yote asubuhi ya UE, mtihani wa mwisho wa semista. Kwa kila kiumbe jiulize maswali yaleyale manne: anaishi wapi na anakula nini, anadhuru au anafaa kwa njia gani, tunamtambuaje maabara, na nini humuua. Kwa kipindupindu, kwa mfano: Vibrio cholerae hupenda maji ya chumvichumvi na mazingira ya alkali, sumu yake huufanya utumbo umwage maji na chumvi, kwenye agari ya TCBS hutoa koloni za njano kwa kuwa huchachusha sukari, na klorini humuua kwa urahisi. Mistari minne, na tayari una jibu la mtihani, una maelezo ya kumpa jirani mvua zikianza, na unaelewa kwa nini agari ile ilitengenezwa ikiwa na alkali.

Magonjwa ya kwetu yape nafasi ya kwanza unaposoma virolojia na epidemiolojia. Virusi vya chikungunya vilitambuliwa kwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kwenye nyanda za juu za Makonde, kusini mwa Tanzania. Zika viligunduliwa Uganda mwaka 1947. Marburg ilitangazwa mkoani Kagera Machi 2023, kisha tena Januari 2025. Ukisoma mfumo wa kinga na njia za maambukizi huku ukijiuliza maabara ya Kagera ilihitaji kufanya nini siku ile ya kwanza, mada inakaa.

Lugha ya vitabu ni Kiingereza, na wapo wanaoelewa darasani lakini wakishindwa kueleza. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kukaa kwenye vimbweta watu watatu au wanne na kuelezana kwa Kiswahili chenu cha kawaida hadi kila mmoja aelewe, kisha kila mtu aandike aya moja ya Kiingereza peke yake na mzibadilishane. Kundi la watu wanane ni baraza la mazungumzo, si la kusoma.

Koswaki, yaani alama za kazi na majaribio ya ndani ya semista, kwa kawaida ni 40 na UE ni 60. Ripoti za praktiko ziko kwenye ile 40, na ndizo alama za uhakika kuliko zote kwa anayefuata hatua ya 4 na ya 5. Anayezidharau huingia UE akiwa na mzigo, na sapu nyingi, yaani mitihani ya kurudia, huanzia hapo.

Hatua ya 7: Fildi

Fildi ni mafunzo ya vitendo kazini wakati wa likizo. Usisubiri chuo kikutafutie. Chukua barua ya utambulisho mapema na uipeleke mwenyewe kwa mikono, miezi kadhaa kabla ya likizo. Fikiria TBS (Shirika la Viwango), TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, maabara za ubora wa maji, Wakala wa Maabara ya Veterinari, NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), Taasisi ya Afya Ifakara, na viwanda vya maziwa, bia, soda na samaki. Kiwandani usipadharau. Maabara ya kiwanda hupima kila siku, sampuli baada ya sampuli, na mkono wako utapata wepesi ambao chuo hakina agari ya kutosha kukupa.

Ukifika, omba kusoma taratibu za kazi zilizoandikwa. Uliza kuhusu ISO/IEC 17025, kiwango kinachosimamia maabara za upimaji, na uone kwa macho yako jinsi wanavyorekodi joto la friji na jinsi kipimo kinavyokataliwa kwa sababu tu sampuli ilifika haina barafu. Watu wa fildi hukumbuka mwanafunzi aliyefika saa 1:30 asubuhi na kuosha vyombo bila kuambiwa. Nao ndio hupiga simu nafasi inapotokea.

Hatua ya 8: Utafiti wa mwisho

Chagua swali dogo linalojibika. "Ubora wa maji ya visima Dar es Salaam" ni kazi ya taasisi. "Je, visima 12 vya mtaa huu vina E. coli kwenye mililita 100 za maji, na hali hubadilika baada ya mvua?" ni kazi ya mwanafunzi mmoja, na jibu lake lina faida kwa watu walioko mtaani humo. Kwa maji ya kunywa kiwango kinachotakiwa ni kutokuwa na E. coli hata mmoja kwenye mililita 100, kwa hiyo matokeo yako yana kipimo cha kulinganishwa nacho.

Togwa na maziwa mabichi ni mada nzuri pia, na udongo wa mikoko kwa anayetafuta bakteria wanaotoa viuavijasumu, yaani antibiotiki. Sampuli za binadamu ningekushauri uziache kwa shahada ya kwanza. Zinahitaji kibali cha maadili, na kibali huchukua muda ambao semista haina.

Kabla ya kuchota sampuli hata moja, fanya mambo matatu. Piga hesabu ya gharama: kopo la gramu 500 la agari ni ghali kwa mtu mmoja, lakini watu wanne wanaotumia agari moja wanaweza kuchanga. Kaa na mtu wa takwimu akuambie sampuli ngapi na marudio mangapi, kwa sababu baada ya kukusanya hawezi tena kukusaidia. Na ongea na wenye visima, uwaeleze unachopima, uwaahidi majibu, na uyapeleke kweli. Mtu aliyekufungulia geti lake ana haki ya kujua anakunywa nini.

Chupa ziwe zimesafishwa kwa otokilevu. Kama maji yametiwa klorini, chupa iwe na sodiamu thiosalfeti kidogo ya kuizima, la sivyo klorini itaendelea kuua njiani na utaripoti maji safi ambayo hujui yalikuwaje. Beba kwenye boksi lenye barafu, na uanze kupima ndani ya saa 6. Kila safari, chupa moja iwe ya maji safi kutoka maabara, ifunguliwe hukohuko kisimani na kurudi na nyingine. Hiyo ikiota kitu, tatizo ni la mikono yako wala si la kisima.

Kama chuo kina vile visahani vidogo vya karatasi vyenye antibiotiki, ongeza kipimo cha usugu wa bakteria kwa dawa: agari ya Mueller-Hinton, ukungu wa mchanganyiko wa bakteria ulinganishwe na kipimo cha McFarland 0.5, saa 16 hadi 18 kwenye nyuzi 35, pima kwa rula kipenyo cha duara pasipoota, kisha soma jedwali la CLSI au EUCAST, taasisi zinazoweka mipaka ya usugu. Usiseme "sugu" kwa kuangalia tu. Na taja umetumia jedwali lipi na la mwaka gani, kwa sababu mipaka hurekebishwa.

Kwa msimamizi wako nenda kila wiki na ukurasa mmoja: nimefanya nini, nimeona nini, nimekwama wapi. Wasimamizi wana wanafunzi wengi na vipindi vingi. Anayekuja na ukurasa hupata majibu. Anayekuja mikono mitupu huambiwa arudi kesho.

Hatua ya 9: Unapomaliza

Wale bakteria uliowatenga na kuwatambua wahifadhi kwenye gliseroli ya asilimia 20, kwenye friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri kama ipo, ukiwa umewapa namba zinazolingana na daftari. Mkabidhi msimamizi orodha iliyochapwa. Anayekuja nyuma yako ataanzia hapo, na jina lako linaweza kuingia kwenye chapisho la kazi uliyoianza.

Barua ya mapendekezo iombe wakati huohuo, kabla hajakusahau. Kwenye wasifu wako usiandike tu "uzoefu wa maabara". Orodhesha vipimo unavyoweza kufanya peke yako bila kusimamiwa: kuchuja maji kwa utando, kuhesabu koloni, rangi ya Gram, usugu wa dawa, PCR (kipimo cha kuzidisha nakala za DNA) kama uliifanya kwa mkono wako mwenyewe. Kwenye usaili wa kazi ya maabara huweza kuwekwa hadubini mezani, ukaambiwa uonyeshe. Kwa anayetaka kuendelea, MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ina shahada ya uzamili ya mikrobiolojia na kinga ya mwili, na SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na Mlimani penyewe, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana kozi za jirani. Wasomaji wa maombi huko hutazama GPA, kisha huuliza utafiti wako ulihusu nini, kwa hiyo jizoeze kuueleza kwa dakika mbili bila kusoma popote.